Anayeshindwa Ahame Mji

Tangazo lilikuja ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi, na hapo ndipo Verlene Tarver alipoanza kushuku.

Kwa miaka miwili alikuwa akikaa kwenye dirisha la matangazo la gazeti la Harlan Springs, Tennessee, akipokea kila kitu ambacho mji ule ulitaka kutangaza: matairi, ng'ombe waliopotea, mazishi, karamu za samaki kanisani. Kila Jumanne asubuhi Bwana Buck Lattimer, mwandaaji wa mieleka, aliinama pale dirishani na sigara yake nene isiyowashwa, akatoa karatasi wazi, naye Verlene akahesabu maneno na kumtajia bei. Jumanne hii Lattimer alilipita dirisha kama vile halipo. Alikwenda moja kwa moja chumba cha mitambo, bahasha mkononi.

"Hujambo, Bi Verlene," alisema bila kusimama. "Leo nina haraka kidogo."

Mtu ambaye kila wiki humaliza nusu saa akisimulia habari za figo zake, leo ana haraka! Lakini mwenye hila naye husahau. Lattimer alisahau kwamba prufu zote, zile karatasi za majaribio, ziwe zimeingia kwa mlango gani, lazima zirudi dirishani kwa Verlene zisomwe kabla ya kuchapwa. Saa sita mchana mzee Otis Fain, mpanga herufi, alimletea karatasi ingali mbichi kwa wino, akaiweka mezani, kisha akatazama dirisha la upande wa pili.

JUMAMOSI HII, UKUMBI WA ASKARI WA AKIBA! HOYT TARVER, FAHALI WA HARLAN SPRINGS, DHIDI YA BARON VON KRANTZ! Na chini yake, kwa herufi kubwa ambazo gazeti lilikuwa halijazitoa tangu vita viishe: ANAYESHINDWA AHAME MJI! ASIONEKANE SIKU TISINI!

Hoyt Tarver ni mumewe. Baron von Krantz, kwa taarifa yako, aliitwa Leon, na kwao ni Indiana.

"Kuna kosa lolote, Bi Verlene?" mzee Otis aliuliza.

"La herufi hakuna," Verlene alijibu, akaweka sahihi.

*

Katika miaka tisa ya ndoa walikuwa wamehamia miji sita. Binti yao Renita, mwenye miaka minane, alikuwa amejifunza kuandika majina ya shule tatu. Walipofika Harlan Springs, Hoyt alishika mikono yote miwili ya mkewe barazani na kusema, "Hapa ndipo, mama. Panda unachotaka." Verlene akapanda mpichi. Ulikuwa mwaka wake wa tatu sasa, na kwa mara ya kwanza ulikuwa na matunda, kumi na manne, madogo na magumu. Verlene aliyajua kwa idadi kama mtu ajuavyo vidole vyake.

Jioni ile alipakua maharage, mkate wa mahindi na chai ya barafu. Alimngoja Renita atoke mezani.

"Nimesoma prufu leo," alisema.

Hoyt aliendelea kupaka siagi. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, masikio yamekunjamana kwa kugongwa. "Lattimer anapenda makelele," alisema.

"Makelele yake sina haja nayo. Nataka neno moja tu. Tunahama au hatuhami?"

"Sasa mama, mieleka ni mieleka. Mwanamume anapanda ulingoni, matokeo anayajua Mungu."

"Mungu na Buck Lattimer."

Kisu kilisimama juu ya mkate. Katika miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Verlene kulisema. Watu wa mieleka wana sheria moja, na wanaishika kuliko wengine wanavyozishika zile amri kumi za Mungu: mtu wa nje haambiwi kitu, na mke ni mtu wa nje. Verlene alimfulia mumewe bukta, alimshona paji la uso kwa uzi na sindano, alijua jinsi washindi wanavyopangwa kabla ya pambano kama mke wa mchungaji ajuavyo mahubiri yamenakiliwa wapi. Lakini kuambiwa, hakuwahi kuambiwa.

"Watu wanalipa dola mbili kujua hilo unaloliuliza," Hoyt alisema mwisho, akijitahidi kucheka. "Nunua tiketi kama watu wengine."

Alicheka peke yake. Verlene aliondoa sahani yake kabla hajamaliza, na Hoyt hakuthubutu kuidai.

*

Gazeti lilitoka Jumatano. Saa nne asubuhi siku ya pili yake, Verlene akiwa bado nyumbani kwa zamu ya mchana, jirani yake Eunice Puckett alipita chini ya kamba za nguo na kuingia jikoni bila kubisha.

"Shoga yangu, pole," alisema Eunice, na macho yake yakatua kwenye friza. "Hivi lile linaingia kwenye gari la kuhamia kweli?"

"Nani kakwambia tunahama?"

"Sijasema mnahama. Nimesema ikitokea. Hoyt ni mwanamume wa shoka, sote tunamwombea, jana tu tumemtaja kwenye maombi. Lakini yule Mjerumani anatumia chuma, Verlene, anakificha kwenye buti! Mimi nimekiona kwa macho yangu." Akafungua mlango wa friza, akachungulia ndani. "Dola thelathini, ukipenda. Usimpe mtu mwingine kabla hujaniambia."

Verlene alifunga mlango wa friza polepole, na kidogo akibane kidole cha jirani.

Alipofika kazini alishuka chumba cha mitambo. Kulikuwa na droo moja pale ambayo kila mtu aliiita makaburi. Ndani yake zililala sura za wanamieleka, kila sura imechongwa kwenye kibao cha madini ya risasi cha ukubwa wa kiganja, tayari kupakwa wino. Mwanamieleka alipomaliza muda wake mjini, Lattimer alikuja kukichukua kibao chake na kukituma kwa posta kwenye mji anakokwenda. Sura hutangulia, mwili hufuata. Ndivyo Verlene alivyojua kila mara nani anaondoka, wiki nzima kabla ya wake zao.

Alivuta droo. Baron alikuwepo, na miwani yake ya jicho moja. Mapacha wa Kihindi walikuwepo, ambao hawakuwa mapacha wala Wahindi. Mahali pa Hoyt palibaki alama ya mraba kwenye vumbi.

"Kakichukua lini?" aliuliza.

Mzee Otis alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Jumanne. Tulipomaliza tu kuvuta prufu. Bi Verlene, mimi napanga herufi tu, sijui..."

"Najua hujui, mzee wangu. Hakuna anayejua kitu mji huu."

Ijumaa alipekua mfuko wa mieleka wa Hoyt, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na aibu ilimwasha masikio alipokuwa akilifanya. Chini ya bandeji alikuta kipande cha karatasi, mwandiko wa kike: *Inchi ishirini na nne na nusu. Shingo kumi na tisa. Corrine, Mtaa wa Stesheni, Milan.* Milan hiyo ya Tennessee ni mwendo wa saa nzima kwa gari. Aliisoma mara tatu. Sasa hofu zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa na jina. Huenda asiyerudi ni Hoyt peke yake. Huenda mji anaouhama ni huu wenye mke na mtoto.

Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema. Aliirudisha karatasi mahali pake.

*

Jumamosi mchana Hoyt alikuwa kwenye televisheni, kama kila Jumamosi, studio ya Jackson, mbele ya pazia lile lile. Mtangazaji alimsogezea kipaza sauti. "Nina mke," Hoyt alisema, akitazama moja kwa moja kwenye kamera, "nina binti, nina mti wa pichi unaozaa mwaka huu. Siondoki!"

Renita alipiga makofi mbele ya televisheni. Verlene alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi, mwili ukimsisimka kwa hasira. Mpichi wake! Wameutia kwenye tangazo hata mpichi wake.

Ukumbini Lattimer alimpa kiti cha mbele kabisa, chini ya taa, bure. "Familia ikae karibu," alisema. Watu elfu moja na mia mbili waliingia, wengine wamesimama kwenye ngazi. Dakika ya ishirini na mbili Baron alitoa kitu kwenye buti. Mwamuzi alikuwa amegeuka kuzozana na mtu, kama wanavyogeuka waamuzi. Hoyt alianguka chali, mwamuzi akageuka na kuhesabu: moja, mbili, tatu.

Bibi mmoja aliyeketi nyuma ya Verlene alipiga ukelele wa msiba. Kijana wa karakana alilia waziwazi bila kujifunika. Hoyt alisimama, damu ikimtiririka, akaomba kipaza sauti. "Mimi nimetoa neno langu," alisema, "na neno la Tarver si la kurudishwa. Kwaherini." Akashuka, akapita mbele ya mkewe, na akamtazama mara moja tu. Verlene alitafuta katika macho yale ishara yoyote, hata kope moja. Hakupata. Ndipo machozi yakamtoka, mengi, ya miji sita yote kwa pamoja, chini ya taa ile.

Alipozunguka mlango wa nyuma, gari la Hoyt halikuwepo.

Siku zote mhariri wa michezo wa gazeti, Bwana Crandall, alikataa kuandika habari za mieleka. Alisema yeye hachapi uongo, na hapo hapo alichapa kila Ijumaa maneno ya kocha wa mpira. Lakini Jumapili hiyo hata yeye alitoa mistari minne: *Tarver Aaga Mji*. Ikishaandikwa gazetini, imekuwa. Baada ya ibada watu walianza kuleta vyakula kama wanavyoleta palipo na maiti. Eunice alileta kuku na wali wa kuoka katika bakuli lake la kioo la bluu, lile alilopewa na mamake, akamkumbatia Verlene akilia kwa dhati. Juu ya bega lake akauliza, "Thelathini na tano?"

Simu haikulia Jumapili. Haikulia Jumatatu. Verlene alimwambia Renita kwamba baba yuko kazini, na Renita akamtazama kama karani amtazamavyo mtu mwenye risiti ya kughushi.

*

Jumanne Lattimer alilipita dirisha tena na bahasha. Saa sita mzee Otis alileta prufu, na safari hii hakutazama pembeni. Alisimama pale pale.

NI NANI HUYU? tangazo lilisema. ANATOKA KUSIKOJULIKANA! MWENYE KINYAGO CHEUSI! JUMAMOSI ANAMTAKA BARON!

Na katikati picha mpya, kibao kilichochongwa juzi: mwanamume mnene, kichwa chote kimefunikwa kitambaa cheusi, matundu mawili ya macho na moja la mdomo.

"Lattimer anasema huyu katoka Peru," alisema mzee Otis.

Verlene hakutazama kichwa. Alitazama mikono. Mwenye kinyago alikuwa amekunja ngumi, na vidole gumba amevificha ndani. Mtu yeyote anayejua kupigana atakwambia hivyo ndivyo unavyovunjika gumba. Yuko mmoja tu aliyesimama namna ile katika kila picha, hata ya harusi, kwa sababu utotoni alikuwa akinyonya gumba na mamake alimchapa mpaka akazoea kulificha.

Inchi ishirini na nne na nusu. Shingo kumi na tisa. Corrine ni fundi cherehani, ndiye aliyeshona kinyago!

Alifurahi, na kule kufurahi kwenyewe kukampandisha hasira. Alijua kwa tangazo. Mume wake mwenyewe, baba wa mtoto wake, yeye amemjua kwa tangazo la gazeti, kabla ya watu wengine kwa siku moja tu.

"Kosa lolote?" mzee Otis aliuliza kwa upole.

"Hakuna." Aliweka sahihi. Kalamu ilichana karatasi.

*

Hoyt alirudi Alhamisi alasiri, kwa uchochoro wa nyuma, kofia imeshuka hadi puani, koti la mvua limefungwa mpaka kidevuni. Jua lilikuwa linachoma. Eunice alikuwa akianika mashuka.

"Ungeniambia," Verlene alisema mara mlango ulipofungwa. Hakumsalimu. "Siku tano, Hoyt! Nilidhani una mwanamke. Nilidhani umetutupa."

"Ningekuambia, ungelia vile?" Hoyt alivua kofia, uso umejaa fahari ya mtu anayetoa sifa. "Mama, ulilia vizuri! Ukumbi mzima ulikuona ukalia nawe. Lattimer anasema machozi yako yatamwuzia tiketi mia mbili Jumamosi hii."

Verlene aliketi. Kiti kile cha mbele. Taa ile. Walimpanga kama walivyompanga mwamuzi, ila mwamuzi aliambiwa.

Renita ndiye aliyekuwa na raha. Alimkuta baba yake jikoni, akaapa kwa Biblia kwamba hatasema, na shuleni alidanganya kwa ufundi kuliko wazazi wake wote wawili. Lakini uongo wa mtoto hauzibi macho ya jirani. Ijumaa kwenye saluni ya nywele ilishajulikana: kiti cha Hoyt Tarver hakijapoa, na mkewe ameshaingiza mwanamume mchana kweupe. Jumapili, Kinyago Cheusi akiwa ameshapanda ulingoni bila kujulikana, mke wa mchungaji alimzuia Verlene mlangoni, akamshika kiwiko kwa vidole viwili.

"Tumeona upumzike kidogo kufundisha darasa la watoto, mpenzi. Mpaka mambo yako yatulie."

"Mambo gani?"

"Hayo," alisema mke wa mchungaji, na kiwiko akakiachia.

Mtu mmoja tu duniani angeweza kumsafisha kwa neno moja, naye alikuwa nyumbani, mapazia yamefungwa, akila kuku wa Eunice.

*

Eunice alikuja Jumanne saa nne, siku ya Verlene ya zamu ya mchana, na safari hii alibisha. Hoyt alikimbilia stoo ya jikoni, akajibana kati ya magunia ya unga na mitungi ya matango.

"Nimefuata bakuli langu," alisema Eunice kutoka barazani. Hakuingia. "Lilikuwa la marehemu mama. Sitaki likae nyumba hii."

Verlene alikuwa ameshaliosha. Alilileta. Eunice alilipokea, lakini hakuondoka. Uhasidi haukuwepo usoni pake, na hilo ndilo lililouma. Alikuwa anaumia kweli.

"Verlene, miaka mitatu tumeazimana sukari. Niambie ni kaka yako. Niambie ni fundi bomba. Chochote, nami nitakwenda kuwapasha wote kanisani. Nani huyo mwanamume?"

Verlene aliona mambo yote mawili kwa pamoja: jina lake, na nyumba. Akisema neno moja, mchana huu huu mji mzima utajua kwamba Kinyago Cheusi analala Mtaa wa Poplar, tiketi hazitauzika, na kibao cha risasi kitatumwa mji wa saba. Nyuma ya Eunice mpichi ulikuwa umeanza kupata wekundu upande wa jua.

Nani huyo? Ndilo swali lile lile lililokuwa gazetini, kwa herufi kubwa. Na jibu lake alikuwa nalo. Alipewa na Hoyt mwenyewe.

"Nunua tiketi, Eunice," alisema, "kama watu wengine."

Rangi ilimtoka Eunice, kisha ikamrudia yote kwa mpigo. Alilikumbatia bakuli kifuani kama mtu anayelinda mtoto, akashuka ngazi bila kutazama anapokanyaga. "Watu wengine!" Verlene alimsikia akisema mpaka kwenye kamba za nguo. "Ee Bwana Yesu, kumbe na wengine!"

Hoyt alitoka stoo na unga mabegani, anacheka mpaka machozi. "Mama wee! Umemmaliza! Hata Lattimer hana maneno hayo. Wewe sasa ni mwenzetu."

Verlene hakucheka. Alifunga mlango, akageuza ufunguo, akautia mfukoni mwa aproni.

"Mwenzenu?" alisema. "Mwenzenu huambiwa. Zimebaki siku themanini. Siku themanini mimi ni malaya wa mji huu ili wewe uwe mgeni. Sasa nitajie yote, mpaka siku ya tisini na baada yake. Utakivua hicho kinyago mbele yao au hutakivua?"

"Mama, unajua biashara ilivyo, mimi siwezi..."

"Basi humu ndani nako kuna pambano, Hoyt. Anayeshindwa ahame."

Hoyt alitazama mlango. Nje ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, jua limewaka, na Eunice amesimama kwenye ua wake akimweleza mke wa mwuza maziwa kwa mikono yote miwili. Hakukuwa na pa kwenda. Mtu yule aliyebeba wanaume wa ratili mia tatu aliketi kwenye kiti cha jikoni, akalificha gumba moja ndani ya ngumi, kisha jingine.

"Lattimer anasema," alianza, na sauti ilitoka ndogo, kwa sababu hakuwahi kuitumia kwa kazi hiyo, "siku ya tisini..."

Verlene alivuta kiti mbele yake. Alichukua penseli ya kazini nyuma ya sikio na karatasi ya mkate.

"Polepole," alimwambia. "Nahesabu maneno."